Mume Wangu Alinitambulishia "Partner" Wake

Nilisukuma mlango wa karakana nikaganda... Mwanamke amekalia kigoda changu, na bwanangu anamchekea meno yote nje!

Wasee, roho ilinipasuka!

Hiyo ni mwaka wa tisini na sita, Gikomba. Baba Kiilu alikuwa mchonga vinyago. Yeye anachonga twiga, mimi napiga msasa, napaka polishi ya viatu mpaka twiga anang'aa. Kazi yetu ilikuwa hiyo tangu tuoane.

"Mama Kiilu, huyu ni Njoki. Ni partner wangu."

"Partner?!"

"Ana duka Eastleigh. Analeta mbao na wateja, mimi nachonga. Tunaamua pamoja. Faida tunagawana, hasara pia."

Kumbe maana ya hilo neno anaijua vizuri hivyo!

"Na mimi je?"

"Wewe si ni bibi yangu?"

Haki ya Mungu, wivu ulinishika! Mtu wa jana ashapewa sauti, na mimi niliyechubuka vidole sina kauli!

Nikatupa msasa chini, nikaenda zangu nyumbani Makadara. Sikurudi karakana tena.

Wiki haijaisha, Njoki huyo mlangoni.

"Umebakisha kuchukua nini, kitanda?" nikamfokea.

Akatoa twiga kwenye kiondo. Jamani, alikuwa na mikwaruzo na mabaka mabaka!

"Huyu amemalizwa na Kyalo, kijana aliyepewa msasa wako. Mteja amemrudisha. Wale wa kwanza walimalizwa na nani?"

"Na mimi. Nani mwingine?"

"Bwanako aliniapia ni yeye mwenyewe."

Haiya!

Chozi lilinitoka, na hasira juu.

"Mama Kiilu, siwezi ubia na mtu anayenificha mwenzake. Nimekuja kukutaka wewe. Uamue na mimi, ugawane na mimi."

"Na Baba Kiilu?"

"Achonge. Tutamlipa kwa kila twiga."

Nilikubali hata chai haijachemka!

Jioni Baba Kiilu akanijia amenuna.

"Yaani umekubali bila kuniuliza?"

"Nilimuuliza partner wangu."

Dada yangu unayesoma hapa, usidanganyike na majina matamu. Mbia huulizwa kabla ya jambo kuamuliwa, na faida anaiona kwa macho yake. Kama huulizwi na huoni, wewe ni kibarua, hata kama mlifunga ndoa kanisani.