Fundi wa Kofia ya Njano

Kitu cha mwisho cha kawaida jioni ile kilikuwa godoro la marehemu kufungwa juu ya gari aina ya Noah lililokuwa likielekea kijiji cha Lundo. Emiliana, mama mkwe wake Florian, alikuwa amekuja Mbinga kugawa vitu vya binti yake, marehemu Devotha, kama desturi inavyotaka.

"Vyote vimetoka, baba?" aliuliza, mguu mmoja tayari ndani ya gari.

"Vyote, mama."

"Maana kitu cha marehemu kikifichwa, hukishika mwingine."

Florian akamtakia safari njema. Rimoti ya gemu ya Devotha ilikuwa chini ya mto wake wa kulalia.

Yeye na mkewe walianza kulicheza gemu hilo chuoni Morogoro, kabla hawajaoana: meli iliyopotea angani, nahodha na fundi wake wakitafuta njia ya kurudi nyumbani. Matoleo manne, ndoa moja. La tano lilifika Devotha akiwa wodini. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayelianza peke yake.

Jua lilipozama nyuma ya vilima vya kahawa, akaliwasha. Rimoti ya mkewe akaiweka kwenye kiti cha pili. Alitaka kuona linavyoanza, basi.

Lilianza na mlango. Ulifunguka pale tu wachezaji wawili walipobonyeza kwa pamoja.

Akakaa akiutazama.

Tiki.

Kitufe kilibonyea kwenye kiti cha pili. Nyuma ya kioo cha mlango, kwenye runinga, akatokea fundi mwenye kofia ya njano. Ndiyo aliyoichagua Devotha siku zote.

"Devo?" akanong'ona.

Harufu ya udongo uliochimbuliwa ikajaa sebuleni.

Devotha akiwa tayari, alikuwa akimrusha fundi wake mara mbili. Hakuacha hata alipokuwa amenuna. Huyu hakuruka. Alibandika uso kwenye kioo, akasubiri Florian abonyeze.

Tiki. Tiki.

Si yeye.

Alijua. Hata hivyo kidole gumba kilikuwa juu ya kitufe, na mdomo ukasema, "Ruka, mke wangu. Mara mbili, kama zamani."

Fundi akainamisha kichwa, kama anayesikiliza lugha ngeni.

Akaruka mara moja. Vibaya.

Kisha, taratibu... mara ya pili.

Nyuma ya Florian, komeo la mlango wa nyumba likasogea.

Aliung'oa waya wa runinga ukutani hadi ukakatika. Giza. Kiti cha pili kikalia, kama mtu anapoinuka.

Asubuhi Emiliana akapiga simu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimemwota mwanangu. Anasema kuna mtu amekaa mahali pake. Ulificha nini?"

"Rimoti ya gemu, mama."

"Ilete leo. Na usiseme naye. Huyo hajui kitu mpaka afundishwe. Hujasema naye?"

Florian akakitazama kiti.

"Hapana, mama."

"Basi njoo, baba. Nakungoja."

Akakata simu, rimoti akaiacha palepale kitini. Akavaa shati safi, akaukunja ule waya, akautia mfukoni, akaenda sokoni kwa fundi redio ili auunganishe.