Mlango Uliokuja na Nyumba

Joselyne ni jirani yangu. Tunakaa jengo moja hapa Jeffersontown, karibu na Louisville, Marekani. Jambo hili lilimpata Jumamosi, saa nne asubuhi, jua likiwaka.

Alikwenda kufanya kazi ya usafi kwenye nyumba ya watu na wifi yake Adolphine, akamchukua bintiye Florida, wa miaka sita, maana hakuwa na wa kumwachia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya wakulima wa Uingereza, ya miaka mia sita. Tajiri mmoja aliinunua huko, akaibomoa boriti kwa boriti, akaileta kwa meli na kuisimamisha upya nje ya Louisville. Kila mti ulikuwa na alama iliyochongwa na maseremala wa kale, kuonyesha upi unaingia wapi. Sebule haikuwa na dari. Ukiinua macho unaona makenchi ya mwaloni, meusi kwa moshi wa enzi zile. Mlango mmoja haukuwa na kazi. Uliwekwa tu kwa sababu ulikuja na nyumba. Nyuma yake palikuwa na ukuta mtupu wa mawe.

"Hata nyumba inapata viza," Adolphine alicheka. "Mama yangu yuko kambini Nyarugusu anangoja mpaka leo."

Mlango ukagongwa. Mara tatu.

Joselyne alikuwa ameinama, mikono ndooni. Akajibu kama alivyolelewa kambini.

"Karibu! Pita ndani!"

Adolphine aliacha kufagia.

"Wifi," alinong'ona, "umemkaribisha nani? Umegongwa ule wa ukutani."

Komeo likainuka lenyewe. Likashuka. Hakuingia mtu. Iliingia baridi.

Florida alikuwa kwenye benchi, anachora. Akasogea, kama anavyompisha mtu kanisani. Benchi likalia, kama limekaliwa.

"Mama," alisema kwa Kiingereza chake cha shule, bila kuinua macho, "anataka niende naye kwao."

Joselyne si mtu wa kupiga mayowe. Alijua amekosea wapi, na alijua mgeni uliyemkaribisha hafukuzwi. Husindikizwa. Akambeba mtoto mgongoni, akamfunga kwa kitenge, akakaza fundo mara mbili. Akafungua mlango wa mbele.

"Mgeni," alisema, "twende nikusindikize."

Alitembea mpaka getini. Changarawe zililia chini ya viatu vyake. Zikalia nyuma yake pia.

"Mimi naishia hapa. Safari njema."

Changarawe hazikulia tena.

Adolphine alileta gari, mlango wa nyuma wazi. Joselyne akamfunga Florida mkanda, akakaa mbele. Wakaenda moja kwa moja mpaka nyumbani.

Walipoegesha, alikwenda kumshusha mtoto. Florida alikuwa amelala, anapumua vizuri. Joselyne akamshukuru Mungu.

Kisha akaona kiti cha pembeni yake, ambacho hakikukaliwa na mtu. Mkanda wake ulikuwa umefungwa. Umekaza, umejitokeza mbele, kama umezunguka tumbo.

Akaugusa. Ulikuwa na joto.