Kikombe Chenye Tundu

Walijuana katika soko la Ashar, Basra, watu wamefurika. Nibras, abaya yake nyeusi imenyooka kwa pasi, alimkuta kijana, Sinan, akiinamisha chupa ya asali ya tende huku na huku.

"Kaka, unanunua au unaibembeleza ilale?"

"Naangalia inavyotiririka, dada. Kesho naanza kuipika kiwandani kwa Haji Ghanim."

"Basi jiandae. Huko anayepima ni mimi."

Tangu hapo simu hazikukatika tena. "Mboni yangu, umekula?" "Nile vipi na sauti yako sijaisikia?" Wazee wa Sinan wakaahidi kuja kuposa tende zikishavunwa.

Sasa nisikilizeni, mabinti. Kipimo chenyewe cha uzito wa asali ni kikombe chenye tundu chini. Asali ya moto huwa nyepesi, kwa hiyo huachwa ipoe kwanza, ndipo unaijaza, unaondoa kidole, unatazama saa mpaka uzi wake ukatike. Siku moja Nibras alikuwa na shoga yake kwenye simu, wanachagua gauni la posa, akaipima asali ingali ya moto. Ikachuruzika kama maji.

"Nyepesi! Irudisheni jikoni!"

Sinan akaipika tena. Ikatoka kama lami, ikaziba mabomba.

"Nani kafanya haya?" Haji Ghanim alifoka.

Nibras alijua. Lakini maneno yakamponyoka: "Mpishi kaiunguza, Haji."

Sinan akafukuzwa palepale. Jioni akampigia. "Nisamehe, mboni yangu. Wewe ulipima sawa, mkono wangu ndio umekosea. Wazee wangu watakuja kwenu na uso gani?"

Nibras akalia tu. Asubuhi, uso ukimwaka, alisimama uani mbele ya wafanyakazi wote. "Haji, niliipima ikiwa ya moto. Sinan hana kosa."

Haji akamwita Sinan arudi, akamwomba radhi. Nibras akamfuata langoni.

"Jana ulinisikia najilaumu, ukanyamaza?"

"Niliona haya, mpenzi."

"Na mimi niliyetolewa nje kama mwizi, hukunionea haya?"

Tende zikavunwa zikaisha, wazee wa Sinan hawakuja. Mama yake Nibras alikuwa ameng'arisha birika la kahawa ya wageni. Akalirudisha kabatini bila kuuliza.

Nibras bado anapima. Simu yake hukaa mkobani, imezimwa. Kila asubuhi Sinan humpitishia ndoo ya asali dirishani.

"Imeshapoa?" Nibras huuliza, macho chini.

"Imepoa, dada."