Nipulizie Vumbi

Jioni ile nilitoka nyumbani nimefura kwa hasira. Kwapani nilikuwa nimebana mfuko wenye matanga madogo, yale ya kuvalishwa majahazi ya mbao ya mjomba. Upindo wa kila tanga nimeushona kwa mkono, maana sindano ya cherehani ingelirarua. Nyuma nimemwacha mama ameegemezwa mito, anatafuta hewa. Hospitali walimpiga picha ya kifua, wakampima damu, wakampima moyo, kisha daktari akasema haoni ugonjwa. Nikamwambia kama haoni ugonjwa aje yeye alale pale chumbani, amsikilize.

Na mimi, mtu mzima na akili zangu, napeleka matanga ya majahazi ya mapambo!

Lakini mama ndiye aliyesisitiza. Mjomba wako anayangoja, alisema, na ahadi ni deni. Alisema neno moja, akavuta pumzi. Neno moja, akavuta pumzi. Ningebishana naye angemaliza hewa yote kwa kunijibu, basi nikachukua mfuko nikaondoka.

Mjomba ni mdogo wake mama, tumbo moja. Katika ndugu zao wote walikuwa wamebaki wawili. Mtaani wanamwita Nahodha wa Nchi Kavu, kwa sababu hajawahi kupanda hata mtumbwi, ila tangu astaafu ukarani shughuli yake ni kuunda majahazi yenye urefu wa mkono. Nisimnyime haki yake, anajua. Analaza mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo, anasimamisha mataruma mfano wa mbavu za samaki, kisha anachemsha vipande vyembamba vya ubao mpaka vilegee, anavipinda ubavuni na kuvibana kwa vibanio vya nguo. Kushoto kimoja, kulia kimoja, ili chombo kisije kikapinda. Mimi ni fundi cherehani, kwa hiyo matanga ni kazi yangu. Sijawahi kumtoza.

Sikuwa na ugomvi na majahazi. Ugomvi wangu ulikuwa na yeye. Miaka yote mjomba ndiye aliyekuwa na kifua kibovu. Kuna kipindi tulishaanza kunong'onezana nani ataarifiwa kwanza. Kisha akapona, hivi hivi, kama mtu aliyevua koti. Akawa anapanda kilima cha sokoni huku anapiga mluzi. Mama naye akaanza kuishiwa pumzi, na mjomba hajakanyaga kwetu hata siku moja kumjulia hali. Dada yake! Aliyemlea! Nilikuwa nimeapa nikifika, kabla hata sijampa matanga yake, nimpe vidonge vyake.

"Hodi!"

"Karibu, mwanangu. Pita huku nyuma."

Huku nyuma ni chumba anachofanyia kazi. Madirisha ameyapigilia misumari na nyufa ameziba kwa karatasi na gundi, eti vumbi la nje linaharibu vanishi. Kulikuwa na harufu ya gundi, ya vanishi, na ya mbao zilizochemka. Joto la kufa mtu. Taa moja ya mezani, na ukutani rafu ndefu yenye majahazi aliyomaliza.

"Nina mbao jikoni, zitapitiliza," alisema. "Kaa, nakuja."

Alitembea haraka. Hakukohoa hata mara moja.

Nikakaa. Nikaanza kupanga maneno yangu kichwani, makali kwanza.

Fuuu...

Nikadhani ni sufuria.

Fuuu... fuuu...

Haikutoka jikoni. Ilitoka kwenye rafu.

Nikainua macho. Tanga la jahazi moja lilikuwa limejaa. Limetuna, kama tanga lililopata upepo. Halafu likalegea. Halafu likatuna tena. Polepole.

Madirisha yamepigiliwa misumari. Mlango nimeufunga mwenyewe.

Nikabana pumzi yangu, nikisema labda ni mimi. Tanga likatuna.

Majahazi mengine yalikuwa kimya, matanga yamening'inia kama nguo zilizoanikwa. Yote nayajua, yote nimeyashonea mimi. Lile la mwisho nililishonea wakati mwalimu aliyekuwa jirani yake bado yu hai. Mwalimu alikufa kwa kifua. Lililofuata nililishonea wakati fundi viatu wa pale kona alipokuwa akija kumpigia mjomba soga za jioni. Naye kifua.

Nikasogea karibu na lile lililokuwa likienda. Tanga lake nililikata kwenye bitana ya gauni kuukuu la mama, na mama alikaa pembeni yangu siku hiyo akinitungia uzi sindanoni. Nikainamisha sikio.

Pumzi ilikuwa na mluzi mdogo mwishoni. Mluzi ule! Nimeulalia, nimeuamkia, nimeuhesabu gizani nikiomba usikatike. Na kwenye nyufa za mbao kulikuwa kunatoka harufu ya mafuta anayopaka mama kichwani.

Nikarudi nyuma hatua moja.

Kulikuwa na la pili lililokuwa likienda, dogo, huko pembeni. Lenyewe lilikuwa na pumzi fupi fupi, za haraka. Kama za mtoto aliyelala...

"Mwanangu."

Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Mkononi ana kipande cha ubao kinachovuja maji ya moto. Juu ya meza, chini ya taa, kulikuwa na jahazi jipya, mbavu zote zimefunikwa, limebaki pengo moja la ubao mmoja. Ndani yake mlikuwa na unga wa msasa.

"Kabla sijaziba," alisema kwa upole, "hebu nipulizie vumbi humo ndani. Mimi kifua changu unakijua."

Hapo ndipo nilipokumbuka. Siku moja, kabla hajaanza kuugua, mama alirudi kutoka kwa mjomba anacheka. Alisema mjomba wako mvivu huyo, kaniinamisha nimpulizie vumbi kwenye jahazi lake, na ubao kaubandika hata sijainua kichwa.

"Mama ulimwambia hivyo hivyo?" nikauliza.

Akakung'uta maji kwenye ubao wake.

"Mjomba. Nakuuliza. Mama ulimwambia hivyo hivyo?"

"Usipaze sauti," alinong'ona. "Zinashtuka."

Zinashtuka! Mama yangu yuko kitandani anavuta hewa kama mtu anayeteka maji kwenye kisima kilichokauka, na huyu anaogopa *zitashtuka*!

"Dada yako," nikasema. "Dada yako wa tumbo moja, wewe mwanaharamu."

"Sijamwibia mtu. Mimi naomba tu. Anayepuliza anapuliza kwa mdomo wake."

"Nani kakufundisha uchawi huu?"

Akatazama dirisha lililozibwa karatasi. Akalitazama kwa muda, kama mtu anayehakikisha limezibwa sawasawa.

"Asiyetaka kutajwa," akasema. "Naye ana fungu lake."

Nilimtolea maneno ambayo mpwa hamtolei mjomba wake. Kisha nikalibeba jahazi la mama kutoka kwenye rafu. Lilikuwa na uvuguvugu, na nilihisi mbavu zake zikitanuka kiganjani. Mjomba hakunizuia. Alisogea pembeni nipite, na nilipomkaribia akasema taratibu, "Ukilifungua, hakikisha mdomo wa mwenyewe uko karibu. Pumzi haichagui. Na utulie, mwanangu. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi."

Nikamwambia mkizi ni yeye.

Nilipofika ukumbini nilimsikia akikohoa. Nilipofika barabarani alikuwa anakohoa kama zamani, kile kikohozi cha kukunja mtu viwili. Nilifurahi. Sioni haya kusema, nilifurahi sana.

Nilikimbia nimelikumbatia jahazi chini ya mtandio, mlingoti umechomoza. Watu walikuwa wanafunga maduka. Muuza mkaa akaniita, "Fundi, safari ya wapi na meli hiyo?" na wenzake wakacheka. Sikumjibu. Tanga lilikuwa likinigusa kifuani, linatuna, linalegea, na kila likilegea nilikuwa nasimama mpaka litune tena.

Mama alikuwa macho. Aliniona, akaliona jahazi. Nilitegemea atashangaa.

"Rudisha," akasema.

"Mama, imo humu. Pumzi yako. Nimeisikia kwa masikio yangu!"

"Najua... iliko."

Nikasimama tu pale na jahazi langu.

"Alikuwa anakufa," mama alinong'ona. "Akaniambia yote. Nikapuliza... najua. Nimembeba mgongoni... yule. Nikiwa mtoto mwenyewe."

"Ulirudi hapa unacheka!"

"Nikulilie... uniulize?"

Sijui niseme nini kuhusu hasira iliyonipanda wakati ule. Ya kwanza yote niliyokuwa nayo, ya daktari, ya mjomba, ilikuwa mzaha. Nilimkasirikia mama. Mgonjwa, amebaki mifupa, nami nilitamani kumtikisa mabega. Mdogo wake kambeba mgongoni, sawa. Na mimi? Mimi niliyelala sakafuni kando ya kitanda chake, mimi nilizaliwa nije kumzika tu?

"Humpi," nikasema. "Hii ni yako na utaivuta."

Nikachukua wembe ninaofumulia nyuzi. Ubao wa mwisho unaonekana kwa fundi yeyote, gundi yake ina rangi mbichi. Nikapitisha wembe ubavuni, huku na huku, taratibu. Gundi ikalia kakaka. Nikalipeleka jahazi mdomoni kwa mama, nikaung'oa ubao.

Mama alinitazama. Kisha akafumba midomo, akageukia ukutani.

"Mama, vuta!"

Hakuvuta.

Tanga likaanza kulegea. Hewa ya moto ilikuwa inanipita kwenye kifundo cha mkono, na mluzi wake ule mdogo, na harufu ya mafuta ya kichwani. Nikamshika taya nimgeuze. Ameyabana meno. Mtu asiye na nguvu ya kushika kikombe, nilishindwa kumfungua mdomo!

"Mama, nakuomba! Vuta!"

Nilikuwa nimekimbia mtaa mzima. Nilikuwa nimepiga kelele mpaka kifua kinawaka. Nikafungua mdomo nipige kelele ya mwisho. Na mtu hapigi kelele mpaka kwanza avute hewa.

Ikaingia.

Tanga likalala. Mama akanigeukia, akaniona nilivyo, na macho yake yakajaa huruma. Sikutaka huruma yake. Hakuvuta pumzi nyingine tena.

Haya nayaandika kwa mkono wangu, na kuna sababu siyasemi kwa mdomo. Watu waliokuwepo msibani walidhani nimechanganyikiwa kwa uchungu, na mpaka leo wananisemesha kama mtoto.

Mjomba alikuja msibani ameshikwa mikono huku na huku. Alikuwa amekwisha. Kilichokuwa kinamwendesha ni lile jahazi dogo tu, lile la pembeni, nililoliacha. Nimeuliza sana mtaani ni mtoto wa nani anaumwa kifua. Wanaotajwa ni wengi.

Walimpa kiti cha mbele, ndugu wa marehemu. Akalia kwa sauti. Kina mama wakatikisa vichwa, wakasema masikini, kabaki peke yake duniani. Mimi nilikuwa kwenye masufuria, nimeshika upawa, nawasikia. Masikini! Nikaweka upawa chini.

Niliyapanga yote. Mchawi. Muuaji. Mwalimu, fundi viatu, mama, na yule mtoto. Ningeyasema mbele ya watu wote, kisha tungeondoka pamoja kwenda kuvunja rafu ile. Nikapita katikati ya waombolezaji, wakanipisha. Nikasimama mbele ya kiti chake. Kelele zikapungua, watu wakainua nyuso. Nikajaza kifua.

Sauti iliyotoka haikuwa yangu.

Ilikuwa ya upole, ya mtu mzima kuniliko. Na mwishoni ilikuwa na mluzi mdogo.

"Mdogo wangu, umekula?"

Nyuma yangu mtu aliangusha sahani. Shangazi mmoja alianza kulia upya, kwa kelele, kwa hofu. Mimi nilikuwa humo ndani, nayasukuma yale maneno yangu kwa nguvu zote. Mchawi, muuaji, mchawi! Hayakupata hewa ya kutokea.

Mjomba aliinua uso. Alinitazama mdomo, si macho. Hakuonekana kushangaa.

"Bado, dada," akasema.

Nikaenda kumpakulia.