Nani Aliyempika Samaki Huyu?

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025. Mji wa Kasongo uliamka ndani ya ukungu wa kiangazi. Baridi iliuma, na nyasi za uwanja wa shule zililowesha miguu ya wanafunzi waliokuja mapema kuwasha mioto.

Kila mwaka kabla ya likizo kubwa, darasa la sita huwapikia wageni, wanafunzi wawili wawili. Safari hii mgeni mkubwa alikuwa Mama Mwamvita, mwenye mgahawa huko Kabambare. Alikuwa akitafuta msichana mmoja wa kumfundisha kazi wakati wa likizo. Régina, mwenye miaka kumi na mitatu, aliitamani nafasi hiyo, akaiombea kila jioni. Mama yake alikuwa ameshakubali. Kilichobaki ni kuchaguliwa.

Régina alipangwa na Sonia. Tuseme ukweli: Régina alipika, Sonia alipiga soga. Régina alimparua samaki magamba, akampaka chumvi, pilipili na mawese, akamfunga katika majani ya mgomba na kumlaza juu ya makaa. Moshi ulimtoa machozi. Sonia alizunguka akisalimia wazazi wa watu.

Wageni wakaketi. Kwa desturi yao, aliyepika ndiye anayemnawisha mgeni mikono, ili mgeni ajue amshukuru nani. Régina alishika birika la maji. Akaona macho yote yanamtazama, akarudi nyuma.

"Nenda wewe," alimnong'oneza Sonia.

"Mimi? Si wewe uliyepika?"

"Nenda tu! Mimi siwezi."

Sonia akaenda. Mama Mwamvita alikula mpaka ikabaki miiba mitupu. Kisha akamshika Sonia mkono mbele ya wote.

"Mkono huu, Mungu aubariki! Mutoto huyu nitaenda naye Kabambare."

Sonia alifungua kinywa, akakifunga, akatabasamu. Watu wakapiga makofi.

Nyuma ya jiko, damu ilimchemka Régina. Mwenzao Clovis, aliyekuwa akisugua sufuria, hakumhurumia hata kidogo.

"Ee Régina! Samaki yako iko na mdomo kuliko wewe!"

"Nyamaza! Huu ni wizi!"

Akamwendea mwalimu wao, Madamu Victorine, kwa hasira. "Madamu, hii ni haki? Nimekula moshi tangu alfajiri! Anayejua kusema apewe kila kitu, na sisi wakimya tuoshe vyombo? Mungu alituumba bure?"

"Hakukuumba bure," alisema Madamu. "Tena una haki ya kukasirika. Lakini Mama Mwamvita atajuaje? Birika ulilitoa kwa mkono wako."

"Mwambie wewe, Madamu."

"Leo nikisema mimi, kesho huko Kabambare atakusemea nani?" Akaonyesha langoni. "Sikutumi kuhutubia mkutano. Yule pale, yuko peke yake, anangoja pikipiki yake. Ni mtu mmoja. Mwambie jina lako na kazi uliyofanya, umuulize jambo moja unalotaka kulijua kweli. Basi."

Ee Bwana, nipe sauti, Régina aliomba moyoni. Akaenda.

"Jambo, Mama. Ninaitwa Régina. Samaki nilimpika mimi. Sonia nilimpa birika kwa sababu niliogopa watu. Tena nilitaka kuuliza: Kabambare ni mbali na mto wetu. Samaki anafikaje bila kuoza?"

Mama Mwamvita akakunja uso. Akamwita Sonia. "Nani aliyepika?"

Sonia akatazama chini. "Ni Régina, Mama. Nilinyamaza tu. Nisamehe. Régina, na wewe unisamehe."

"Mmenichezea!" Mama Mwamvita alifoka mpaka madereva wa pikipiki waliokuwa kando ya barabara wakageuka, na Madamu na Clovis wakaja langoni. "Mmoja amekula sifa isiyo yake, mwingine ametupa ya kwake kama maganda ya muhogo! Na mimi mmenifanya nibariki uongo mbele ya watu!"

Alivuta pumzi, sauti ikashuka.

"Samaki ninamkausha kwa moshi kabla ya safari. Nitakuonyesha. Sasa sikia, mutoto wangu. Mimi pia si msemaji. Nilipofungua mgahawa niliketi ndani, nikingoja watu wanijue wenyewe. Chakula kikachacha. Ndipo nikaanza kumfuata mtu mmoja mmoja: dereva, muuza chumvi, muuguzi. Nilitaja jina langu, nikamuuliza kazi yake, nikamsikiliza. Hao ndio walioniletea wengine. Mtu mkimya anajua kusikiliza, na hiyo ni mali yake. Lakini kazi nzuri ikifichwa haimlishi mtu, na sifa ya kuiba haidumu. Nitakuchukua wewe, kama utaniahidi mbele ya hawa kwamba hutajificha tena."

Régina akawatazama: Madamu, Sonia, Clovis na sufuria yake, madereva wote.

"Ninaahidi..."

"Sauti!" Clovis akapaza.

"Ninaahidi mbele ya Mungu na mbele yenu!" alisema Régina, na safari hii hata waliokuwa barabarani walisikia. "Kila siku ya soko huko Kabambare nitamwendea mtu mmoja nisiyemjua, nimwambie jina langu na kazi ninayoijua. Na mtu akiichukua kazi yangu akaiita yake, sitakwenda kulia pembeni. Nitasema hapohapo!"