Kasri Lisilo na Mlango

Mwajabu ana miaka sita. Wiki hii, nyumbani kwao wanasoma hadithi za wafalme na majoka.

"Kila mfalme ana kasri," akasema Mwajabu. "Na sisi tujenge letu!"

Mama akaleta maboksi makubwa. Baba akakoroga gundi ya unga. Kheri, mdogo wake Mwajabu, akailamba.

Paka gundi! Bandika! Shikilia!

Kuta zikapanda juu. Baba akaingia katikati, azishikilie kwa ndani.

Mama akachora madirisha. Mwajabu akasimama kwenye kiti. Wakaweka paa, kisha minara minne.

Paka gundi! Bandika! Shikilia!

"Limekwisha!" akasema Mwajabu. "Baba, njoo uone!"

Baba hakutokea.

Mara kasri likakohoa. Kho! Kho!

"Joka!" akalia Kheri, akajificha nyuma ya Mama.

"Si joka," likajibu kasri. "Ni mimi, Baba. Mlango uko wapi?"

Mama akamtazama Mwajabu. Mwajabu akamtazama Mama.

Lo! Wamesahau mlango!

"Ngoja nilete kisu," akasema Mama.

"Usikate, Mama! Gundi bado mbichi. Litaanguka lote!" Machozi yakamlengalenga Mwajabu.

Akafungua kitabu cha hadithi.

"Baba, mfalme huyu aliokolewa na tai."

"Tai ninayo moja tu," akasema Baba. "Ile ya kuvaa kazini."

"Huyu hapa, joka lilimchomea ukuta kwa moto."

"Moto hapana!" akasema Baba upesi.

"Na huyu alikaa ndani miaka mia."

"Mia? Mimi nina njaa sasa hivi!" Tumbo la Baba likanguruma. Nguruuu!

"Joka!" akalia Kheri.

Mwajabu akalala kifudifudi. Akachungulia chini ya ukuta. Akaona vidole vya miguu, kumi vyote, vinachezacheza.

"Mama! Kasri letu halina sakafu! Tuliinue!"

Mama akashika huku. Mwajabu akashika kule. Kheri akashika gauni la Mama.

"Moja, mbili, inua!"

Polepole… polepole… Baba akatoka akitambaa, mweupe kwa unga mpaka kwenye ndevu. Kasri halikuanguka!

Walicheka mpaka mbavu zikawauma. Kisha Baba akala maandazi manne.

"Sasa tukate mlango?" akauliza Mama.

"Hapana," akasema Mwajabu. "Wageni watapita chini."

Jioni, wakapita chini wote wanne. Wakabanana ndani, Mama akasoma kwa tochi.

"Nani kanikalia mguu?" akauliza Baba.

Pwaa! Mnara mmoja ukaanguka huko nje.

Hakuna aliyetoka kuuokota. Hadithi ilikuwa imenoga.