Upande wa Kushoto

Ufito ulipinda kabla haujaguswa na moto.

Abdulhamid alikuwa bado anangoja bomba la chuma lipate joto jikoni. Karakana yake, nyuma ya soko la Rumonge, ilikuwa ya kuunda magitaa, na hili la kwaya ya Kigwena lilibakiza urembo tu: ufito mwembamba wa mvule, upana wa nusu kidole, wa kuzungushwa ukingoni kote. Mvule mkavu hukatika usipoubembeleza kwenye bomba la moto. Huu ulilala wenyewe kwenye kiuno cha gitaa, laini kama mkanda, na ncha yake ikadondosha tone la maji.

Ubao uliotolewa ufito huo ulikuwa na miaka arobaini.

Hakushangaa. Tangu azikwe Batuli, mkewe, miezi minne sasa, hakuna kilichomshangaza. Alikula alichopewa. Alilala alipotandikiwa. Hakuwa amelia hata mara moja. Akapaka gundi, akaufunga ufito kwa kamba, na hapo harufu ikapanda: majani ya mkunazi na karafuu maiti.

Alijua ilikotoka. Msikiti ulimwita atengeneze kitanda cha kuoshea maiti, akang'oa ubao uliochakaa, akatia mpya. Ule wa zamani aliambiwa akauzike. Hakuuzika; ndimo alimokata ufito huu. Batuli ndiye aliyekuwa wa mwisho kulala juu yake.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, joto limewaingiza watu wote ndani, alisikia maji yakimiminwa. Mara tatu. Kimya. Mara tatu tena. Hakukuwa na mtu wala ndoo. Mkono wake wa kulia ukapoa, kidole kwa kidole, ukawa kama umeazimwa na mtu mwingine.

Dada yake Mariyamu ndiye aliyeiona damu kwenye meza.

"Yaya, kaka yangu, umejikata na patasi! Hausikii maumivu?"

"Naona."

"Sijakuuliza kama unaona." Akanusa, akashusha sauti. "Hapa kunanuka msiba."

Siku ya tatu, saa ileile, maji yalikuja tena, na safari hii hayakukomea kwenye kifundo cha mkono, yakapanda polepole hadi kiwiko, hadi begani, yakateremkia ubavuni, nayo yalifuatwa na kiganja kisichoonekana kilichopita juu ya ngozi yake kwa utaratibu, bila haraka, kama mtu anayeijua kazi yake, na kila kilipopita hapakubaki joto wala baridi wala maumivu.

Mariyamu alikwenda kumwita Bi Hadjara, anayeosha maiti za wanawake mtaani kwao.

"Mimi nikiingia nyumba ya watu, hata wagonjwa hukimbia," mama huyo alitania mlangoni. "Wewe hata kusimama?" Kisha harufu ikamfikia. Akalitazama gitaa, akanong'ona. "Ubao huu nimeuinamia miaka ishirini. Nani kakupa?"

"Nilibaki nao."

"Maji unayasikia?"

"Tatu, kisha tatu."

"Yalianzia wapi?"

"Mkono wa kulia. Leo yamefika ubavuni."

Bi Hadjara alikaa chini bila kukaribishwa. "Mutoto wangu, huyo iko anakuosha. Kulia kwanza, kisha kushoto. Akimaliza kushoto, inabaki sanda."

"Ni Batuli."

"Batuli nilimuosha kwa mikono hii. Maiti haioshi mtu. Huyo ni jini wa maji ya kuoshea. Sisi tunamaliza, tunaondoka, yeye anabaki na ubao. Wewe umemuleta nyumbani."

"Ni mpole," alisema Abdulhamid.

"Hata sisi ni wapole."

Mariyamu alipasha kisu cha kulainishia gundi, Bi Hadjara akaanza Ayatul Kursi, na Abdulhamid akabandua ufito kwa mkono asioutambua, huku maji yakivuma chini ya meza, kwanza kama kata moja, kisha kama mtungi, kisha kama ziwa lote limesimama nyuma ya ukuta, na gitaa lisilo na uzi hata mmoja likaguna, likaguna tena, hadi ncha ya mwisho ilipoachia na vyote vikanyamaza. Walivifunga ufito na ubao katika kitambaa cheupe, wakavizika makaburini kabla ya alasiri.

Jioni mkono ulirudi. Ulianza kuchomachoma, kisha ukawaka. Abdulhamid aliingia chumbani, akaigusa kanga ya Batuli iliyoning'inia msumarini, na kitambaa kilikuwa kitambaa kweli, kikavu, kina fundo dogo penye pembe alilolifunga marehemu mwenyewe na ambalo hakuna aliyelifungua. Akaanguka na kanga ile. Mariyamu alimsikia akilia, akamshukuru Mungu.

Alilia siku tatu. Randa ilimshinda. Kila alichokigusa kilimwambia kwamba mkewe hayupo.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, Mariyamu akiwa sokoni, Abdulhamid aliingiza mkono chini ya maranda. Kilikuwapo kipande cha ubao ule, urefu wa shubiri, alichokikata mwanzo kujaribia upana. Hakumwonyesha mtu. Kilikuwa na unyevu, na kilinukia mkunazi.

Akakiweka mezani. Akakunja mkono wa shati hadi begani, akaulaza mkono kando yake.

"Kushoto bado," alisema.

Maji yakaanza kumiminika.